Nyanya Ameniuliza Ile Karatasi Ilisema Nini

Najua nimepotea. Wapo walioniandikia kuuliza kama nimeacha uandishi nikaenda kuuza viazi karai Marikiti. Sijaacha, ingawa viazi karai pengine vinalipa zaidi. Ukweli ni kwamba nina deni, na kila nilipokaa kuandika jambo jingine niliona deni hilo linanikodolea macho. Leo nalilipa, japo nusu.

Deni lenyewe ni hili. Mwaka 2022 niliandika gazetini habari ya majiko ya kuokoa kuni yaliyogawiwa bure katika vijiji kadhaa vya Kwale, kikiwemo kijiji alikozaliwa mamangu. Kampuni iliyogawa majiko ilituchukua Mombasa kwa gari lao, waandishi watano, tukavuka feri Likoni asubuhi mapema, tukanunuliwa chai na mahamri njiani, na jioni tuliporudi kila mmoja alikabidhiwa bahasha ya "nauli". Nauli gani, na gari lilikuwa lao? Sikuuliza. Niliipokea, nikaitia mfukoni, nikaenda zangu nyumbani kuandika. Nikaandika kwamba wanawake wamefurahi, moshi umepungua jikoni, misitu imepata nafuu, na mradi unachangia malengo sita ya maendeleo endelevu ya Umoja wa Mataifa. Hayo malengo sita niliyanakili kutoka kijitabu chao chenye vile vijisanduku vya rangi. Mhariri alifurahi. Habari ilitoka na picha ya nyanya yangu mwenyewe, amechutama mbele ya jiko jipya, anatabasamu.

Kampuni sitaitaja. Sina ushahidi kwamba ilivunja sheria yoyote, na kosa ninalotaka kulizungumza hapa ni langu.

Sasa njooni mwaka 2025. Nilikwenda kijijini Idd ndogo kumsalimia nyanya. Shikamoo, marahaba, nikaingia jikoni kumsaidia. Moto ulikuwa unawaka kwenye mafiga matatu kama miaka yote, na sufuria kubwa ya pilau juu yake. Jiko la kwenye picha lilikuwa pembeni, limefunikwa gunia, na juu ya gunia kuku ametulia anataga.

"Nyanya, mbona jiko hulitumii?"

"Nalitumia. Nachemshia chai."

Akanieleza taratibu, bila kulaumu mtu. Mdomo wa jiko ni mdogo, kwa hivyo kuni lazima zipasuliwe vipande vyembamba. Shoka halimudu tena, na mjukuu aliyekuwa akimpasulia ameenda Ukunda kutafuta kazi. Sufuria ya watu wengi haikai sawasawa. Ukisonga sima, jiko linasogea nawe. Lakini kwa chai na uji wa asubuhi ni jiko zuri sana, moshi kidogo na kuni mbili zinatosha. Hana ubaya nalo.

Halafu akaingia chumbani, akatoka na bahasha ya kaki anamoweka kitambulisho chake, kadi ya kliniki na hati za shamba. Akachomoa karatasi moja iliyokunjwa mara nne.

"Wewe ndiye uliyeandika gazetini," akasema. "Basi nisomee. Ile karatasi ilisema nini?"

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, herufi ndogo ndogo, na chini yake dole gumba la nyanya kwa wino wa zambarau. Nilisoma mara ya kwanza nikiwa nimesimama. Mara ya pili nilikaa. Katikati ya maelezo ya udhamini wa jiko na namna ya kulisafisha kulikuwa na aya moja iliyosema kwamba mpokeaji wa jiko anamwachia mgawaji haki zote zinazotokana na upungufu wa gesi chafu utakaoletwa na matumizi ya jiko hilo. Nikamfasiria hivyo hivyo.

"Gesi?" nyanya akashangaa. "Mimi natumia kuni."

Tulicheka, kwa kweli tulicheka sana. Kisha akaniuliza swali la pili, na hilo ndilo lililonirudisha Mombasa nimenywea: "Na wao hiyo hewa wakishaichukua, wanaipeleka wapi?"

Ndugu msomaji, mimi nilikuwa nimeandika habari nzima kuhusu mradi huo, na jibu la swali hilo sikuwa nalo kichwani. Nilikuwa na maneno tu. Kwa hivyo nilijipa kazi ya kwenda kusoma.

Kwa ufupi mambo yako hivi. Kampuni ya Ulaya au Marekani inachoma mafuta na makaa, inatoa hewa chafu, na haiwezi au haitaki kuacha. Badala yake inalipa ili mtu mwingine mahali pengine apunguze. Nyanya akipunguza kuni, miti haikatwi, kaboni inabaki kwenye miti. Wanapiga hesabu, wanasema jiko hili limeokoa tani kadhaa kwa mwaka, na kila tani inatolewa hati moja inayouzwa. Mwenye kununua anaitumia kusema kwamba amefidia tani moja aliyoitoa yeye. Huko ndiko hewa ya nyanya ilikokwenda. Imekuwa ruhusa ya mtu kuendelea kuchoma.

Hapa niseme kidogo kuhusu lugha, maana lugha nayo imetuponza. Hizi hati kwa Kiingereza zinaitwa kwa neno ambalo pia lina maana ya mkopo, na wafasiri wengi wa haraka huziita "mikopo ya kaboni". Niliwahi kuhudhuria baraza moja ambapo mzee alisimama akauliza, mkopo wenyewe ni shilingi ngapi, na asiyelipa atachukuliwa mbuzi? Watu wa mradi walicheka. Mzee hakuwa mjinga. Aliuliza swali sahihi kwa neno aliloletewa.

Tuendelee. Kupunguza hewa chafu ni nusu moja ya ahadi. Nusu ya pili ni maendeleo, na hii ndiyo iliyoandikwa kwa ajili yetu. Itifaki ya Kyoto ya mwaka 1997, iliyoanza kutumika tarehe 16 Februari 2005, iliunda katika kifungu cha 12 utaratibu ulioitwa Utaratibu wa Maendeleo Safi. Kifungu hicho kinataja malengo mawili ya miradi: kuzisaidia nchi tajiri kutimiza wajibu wao wa kupunguza, na kuzisaidia nchi zinazoendelea kufikia maendeleo endelevu. Ni mapatano: ninyi mnapata tani zenu, sisi tunapata maendeleo yetu.

Nusu ya kwanza iliwekewa mizani. Kulikuwa na kanuni za kupima, wakaguzi wa nje, ripoti kila kipindi, na bodi ya kimataifa ya kuidhinisha. Nusu ya pili ilikuwa na barua. Katika makubaliano ya Marrakech ya mwaka 2001 iliamuliwa kwamba nchi mwenyeji ndiyo yenye haki ya kuthibitisha kama mradi unachangia maendeleo yake endelevu. Nchi zetu zenyewe ndizo zilizotaka hivyo, na sababu yao ninaielewa: nani anataka afisa kutoka Bonn au Brussels aje kumwambia maendeleo ni nini? Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba wizara inaandika barua moja ya idhini kabla mradi haujaanza, na baada ya hapo hakuna anayelazimika kurudi kutazama. Mwaka 2012 bodi ilitoa fomu ya kueleza faida za maendeleo, lakini kuijaza kulikuwa kwa hiari.

Tena kulikuwa na mtego mwingine. Nchi ikiweka masharti makali, mwekezaji anahamia kwa jirani asiye na masharti. Kwa hivyo kila mmoja alikuwa na sababu ya kuandika barua yake haraka.

Mwaka 2007 watafiti wawili, Christoph Sutter na Juan Carlos Parreño, walichapisha uchunguzi wa miradi 16 iliyokuwa imesajiliwa. Walikuta kwamba asilimia 72 ya hati zilizotarajiwa kutoka miradi hiyo zilielekea kuwa za upungufu wa kweli wa hewa chafu. Na zile zilizoelekea kuchangia maendeleo kwa kiasi cha maana? Hazikufika asilimia 1. Nilisoma sentensi hiyo nikaangalia tarehe. Mwaka 2007! Mimi niliandika habari yangu miaka 15 baadaye, nikanakili vijisanduku sita.

Sababu mojawapo ni kwamba pesa kubwa ilifuata tani rahisi. Viwanda vya kutengeneza gesi ya majokofu hutoa uchafu wa gesi nyingine, HFC-23, ambayo tani yake moja ilihesabiwa sawa na tani 11,700 za kaboni dioksidi. Funga mtambo mmoja wa kuiteketeza na una mamilioni ya hati, bila kuchimba kisima wala kuajiri kijiji. Miradi mingi ya namna hiyo ilikuwa China na India. Ukawa mchezo mpaka Umoja wa Ulaya ukakataa hati hizo katika soko lake kuanzia Mei 2013. Lakini China ilifanya jambo moja la akili: ilikata asilimia 65 ya mapato ya hati za HFC ikazitia katika mfuko wa taifa wa maendeleo safi, ilhali miradi ya nishati jadidifu ilikatwa asilimia 2 tu. Ilijua inauza nini na ikataka bei yake. Afrika tulipata sehemu ndogo sana ya miradi yote, na mara nyingi tulishukuru kwa kupata.

Mnaweza kusema hayo ni ya Kyoto, yamepita. Kweli, sasa tuko kwenye Mkataba wa Paris wa mwaka 2015, na jiko la nyanya liko katika soko la hiari linalosimamiwa na mashirika binafsi ya viwango. Lakini tabia ni ile ile. Tani ina fomula. Maendeleo yana kijitabu.

Na hata hiyo tani nayo tuitazame. Baada ya kugawa majiko, kijana mmoja mwenye simu alipita kwa nyanya. Jiko unalo? Ninalo. Unalitumia? Nalitumia. Akapiga picha, akaenda. Nyanya hakusema uongo. Lakini chai ya nyanya ikiingia kwenye fomula inaweza kugeuka kuwa chakula cha nyumba nzima, siku zote za mwaka. Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha katika jarida la Nature Sustainability uchunguzi wa miradi ya majiko ya namna mbalimbali, wakakadiria kwamba hati zilizotolewa katika miradi waliyoichunguza zilizidi upungufu halisi takriban mara tisa. Moja ya sababu ni hiyo hiyo: watu wanapewa jiko jipya na wanaendelea kutumia mafiga. Hapo hasara ni mara mbili. Nyanya hakupata jiko linaloweza kupika chakula chake, na mtu aliyenunua ile tani amechoma tani ya kweli kwa kutegemea tani ambayo haikuokolewa.

Sasa msije mkaondoka hapa mkisema mwandishi huyu anachukia miradi ya kaboni. Ningekuwa namaliza hapa, ningekuwa nimefanya kosa lile lile la 2022, ila kwa upande wa pili. Siku mbili baada ya Idd nilipanda matatu ya barabara ya Lunga Lunga nikashuka njia panda ya Gazi. Gazi si mbali na kwetu, nimepita pale tangu utotoni, na sikuwahi kuingia kama mwandishi. Safari hii hakuna aliyenialika, na nauli nililipa mwenyewe.

Gazi kuna mradi unaoitwa Mikoko Pamoja. Ulianza kuuza hati mwaka 2013 na unajulikana duniani kama mradi wa kwanza wa jamii kuuza kaboni ya mikoko. Unahusu hekta 117 tu, na unauza kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka. Ni mdogo sana. Vijiji viwili, Gazi na Makongeni, vinauendesha kwa kamati yao, watafiti wa taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari wakisaidia kupima miti, na shirika dogo la hisani la Uskoti likisaidia kuuza. Kiwango wanachokifuata, Plan Vivo, kinataka angalau asilimia 60 ya mapato yawafikie wenyeji. Mwaka 2017 walipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Historia yao ndiyo inayofanya jambo hili liwe na maana. Miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilifyekwa kwa kuni za tanuri za chokaa na matofali. Pale ambapo mikoko ilikwisha, mchanga ulibaki wazi na samaki wakapungua. Watafiti na wanakijiji walianza kupanda tena mapema miaka ya 1990, kabla ya mtu yeyote kuwalipa kwa kaboni. Na kwa kuwa watu bado wanahitaji boriti na kuni, mradi ulipanda mivinje nchi kavu ili mwenye kujenga asilazimike kurudi baharini kukata mkandaa. Mtu aliyeketi Nairobi na kompyuta angeweza kulisahau hilo. Mtu wa Gazi hawezi, kwa sababu anajua nyumba yake inasimama kwa miti gani.

Nilikwenda kwenye bomba la maji, kwa sababu maji ni moja ya vitu ambavyo fedha za kaboni zimesaidia kuleta pale, pamoja na vifaa vya shule. Nilikuwa nimejiapiza: safari hii nisiandike maji ambayo sijayanywa. Nikanywa. Mama mmoja aliyekuwa akijaza mtungi akanitazama kama mwendawazimu. Nikamwamkia, nikamwuliza kama anajua fedha za maji yale zilitoka wapi.

"Si ni za mikoko," akasema, kama mtu aliyeulizwa jina la mtoto wake. Halafu, bila mimi kuuliza zaidi, akaanza kulalamika. Upande fulani umepata zaidi kuliko upande fulani. Fedha zinachelewa. Yeye mkutanoni alitaka jambo jingine, wenzake wakamshinda kwa wingi. Mzee aliyekuwa karibu akasema fedha zenyewe ni kidogo, na vijana wanakatazwa kukata miti na kazi hawajapewa. Wakaanza kubishana wao kwa wao, mimi wakanisahau.

Nilisimama pale na daftari langu, na ndipo nilipoona tofauti. Kijijini kwetu hakuna anayelalamika kuhusu fedha za kaboni. Hakuna anayejua kwamba zipo. Kimya kile ndicho nilichokiandika gazetini kama furaha. Gazi wanagombana kwa sababu wanajua kilichouzwa, nani aliyeuza, fedha zilikwenda wapi, na mkutano ujao ni wapi pa kwenda kusema. Wana haki ya kushindwa kwa kura na kurudi tena. Mimi leo ukiniuliza jinsi ya kupima maendeleo, nitaanza hapo kabla ya kuhesabu madawati.

Tumezoea kusema "nchi mwenyeji". Lakini neno mwenyeji sisi tunalijua vizuri. Mwenyeji ni yule anayepigiwa hodi. Anajua mgeni ni nani, ametoka wapi, na amekuja na nini. Tuna ule msemo wa mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa nyanya yangu hodi ilipigwa kwa Kiingereza, herufi ndogo, na aliyeitikia karibu alikuwa ofisini mbali na kijiji.

Mambo yanabadilika, tuseme haki. Mwaka 2023 Kenya ilirekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi. Miradi ya ardhi sasa inatakiwa kuipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, na miradi isiyo ya ardhi angalau asilimia 25, na lazima kuwe na mkataba wa maendeleo na jamii. Tanzania ilitoa kanuni zake za biashara ya kaboni mwaka 2022. Na Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii zilianzishwa kinyume cha katiba na bila ushirikishwaji wa kutosha wa wananchi. Mojawapo, Biliqo Bulesa, imo ndani ya mradi mkubwa wa kaboni wa malisho ya kaskazini mwa Kenya. Wafugaji ndio waliokwenda mahakamani. Mradi ulikuwa umepimwa tani zake miaka mingi, na swali la kama wenyeji walikubali likaja kujibiwa na jaji.

Lakini asilimia 25 ya kitu ambacho huna hesabu yake ni ngapi? Nyanya hana namna ya kujua hati ngapi zimeuzwa kwa jina lake, wala kwa bei gani. Sheria imempa sehemu, ila hajaonyeshwa sufuria.

Basi nimejiandikia maswali. Nayaweka hapa ili mwandishi mwenzangu atakayepandishwa gari la mradi fulani ayachukue bure:

Karatasi waliyotia saini iko kwa lugha gani, na nakala iko wapi?

Wenyeji wanajua kilichouzwa ni nini, tani ngapi, kwa kiasi gani?

Nani amepoteza kitu, iwe ni kuni, boriti, malisho au njia ya kupita, na ameulizwa?

Kuna mtu anayerudi baada ya miaka mitatu kutazama jikoni, au anarudi kuhesabu tani tu?

Asiyeridhika anakwenda wapi, na aliyewahi kwenda alisikilizwa?

Ni maswali ya kawaida. Hayahitaji shahada. Ningeyauliza mwaka 2022, ningepata habari bora kuliko ile niliyoandika, na nyanya asingekaa na karatasi yake kwenye bahasha miaka mitatu akisubiri mtu wa kumsomea.

Kuhusu kulipa deni, nimefanya hivi. Niliiandikia kampuni nikaomba nakala ya Kiswahili na idadi ya hati zilizouzwa kutoka kijiji chetu. Walijibu kwa adabu sana. Nakala ya Kiswahili "italetwa katika awamu ijayo", na mauzo ni siri kati yao na wanunuzi. Nilimwomba mhariri tuchapishe marekebisho. Akasema habari imeshazeeka, nimwachie marehemu apumzike. Ndiyo maana mnaisoma hapa.

Halafu niliifasiri ile karatasi nzima kwa Kiswahili, aya kwa aya, nikaenda nayo kijijini. Walikuja wanawake tisa, kila mmoja na karatasi yake iliyokunjwa. Nikasoma barazani kwa nyanya, na pale Kiswahili changu kilipokuwa kigumu yeye akawa anafasiri kwa Kidigo. Nilipofika kwenye ile aya ya haki nilisoma polepole, nikangoja hasira. Haikuja, angalau si ile niliyoitarajia mimi mtu wa mjini. Mmoja akauliza kama anaweza kurudisha jiko na kudai hewa yake. Mwingine akasema yeye lake linafanya kazi vizuri, ana watoto wawili tu, kifua chake kimepata nafuu, asiharibiwe. Wakabishana. Moyoni nilifurahi, nikakumbuka Gazi.

Nyanya alinyamaza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi ningetia dole hivyo hivyo. Ila ningewaambia, hewa chukueni, mnipe jiko la sufuria kubwa."

Wameamua kuandika barua kuomba hilo, na nakala kwa chifu. Mimi ni karani tu. Ikijibiwa nitawajulisha hapa hapa, na isipojibiwa pia nitawajulisha.

Haya, nimeandika marefu, mnisamehe. Kama kwenu kuna mradi wa miti, majiko, malisho au mikoko, hebu waulizeni wazee kama wana karatasi, na mwasomee. Kisha mnieleze ilisema nini. Nasubiri.